Shika Pindo, Tazama Mji, Kisha Soma Jina

Mwezi Oktoba 2022, jumba la sanaa la Kunstsammlung Nordrhein-Westfalen la Düsseldorf, Ujerumani, lilikiri jambo la kuchekesha. Picha ya Mholanzi Piet Mondrian iitwayo New York City I, aliyoitengeneza mwaka 1941, ilikuwa imetundikwa juu chini kwa zaidi ya miaka 75: tangu ilipoonyeshwa New York mwaka 1945, hadi ilipohamia Düsseldorf mwaka 1980, na miaka yote iliyofuata. Msimamizi wa maonyesho, Susanne Meyer-Büser, alionyesha kosa hilo kwa kutumia picha ya kamera iliyopigwa mwaka 1944 katika chumba cha kazi cha mchoraji, ambamo kazi hiyo inaonekana imesimama upande mwingine. Hata hivyo hawakuigeuza. Mistari yake ni utepe wa gundi uliobandikwa kwenye kanvasi, na gundi ya miaka 80 ukiisumbua inaachia.

Wengi walicheka na kusema: si tuliwaambia, hizi picha dhahania hata wenyewe hawazijui. Nami nilicheka, kisha nikaukumbuka Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam. Katika maduka ya khanga kati ya Mnazi Mmoja na Kariakoo hakuna muuzaji anayeweza kutundika khanga juu chini hata kwa nusu saa. Mama wa kwanza kuingia atamwambia, "Mwanangu, khanga yako imesimama kwa kichwa." Na ukiitazama vizuri, khanga nyingi ni picha dhahania: hakuna mtu, hakuna nyumba, ni korosho, madoa na mistari kwenye uwanja wa rangi moja. Mbona huyu mama hapotei?

Hapotei kwa sababu anajua pa kuanzia. Khanga ina sehemu tatu: pindo, yaani ukingo unaoizunguka pande zote nne; jina, yaani maneno yaliyoandikwa; na uwanja wa katikati, ambao Waswahili wameuita mji. Muuzaji anakunjua doti mezani, korosho nyeusi zimetawanyika kwenye wekundu, naye anakuambia bila kusita, "Hebu tazama mji wake." Mji usio na nyumba hata moja.

Hoja yangu leo ni kwamba msomaji wa Kiswahili anazo tayari zana za kusoma picha ya jiji isiyofanana na jiji. Tuzitumie kwa mpangilio wa khanga, na Kariakoo iwe ubao wetu wa majaribio.

Pindo

Ukikutana na picha dhahania usikimbilie katikati. Anza ukingoni, uulize maswali mawili. La kwanza: mistari inaishia ndani au inatoka nje ya picha? Mstari unaotoka nje unakuambia jiji linaendelea mahali usipopaona. Unaoishia ndani unakuambia hapa pamezungushiwa uzio. La pili: ukingo upi umebeba uzito? Hapa ndipo Meyer-Büser alipata hoja yake nyingine. Katika New York City I mistari imesongamana upande mmoja, uliotundikwa chini, lakini katika picha inayofanana nayo, iliyoko Centre Pompidou jijini Paris, msongamano huo uko juu. Uzito ukikaa chini, jiji lina msingi, limekaa kitako. Ukikaa juu, unapata anga nzito inayotaka kushuka. Utepe ni uleule, lakini hisia ni mbili. Kwa hiyo sehemu ya jibu la fumbo lile ilikuwa kwenye pindo.

Tuje kwetu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walilipima eneo la Kariakoo kwa mitaa iliyonyooka inayokatana kama ubao wa drafti, na mpangilio huo bado tunautembea: Congo, Aggrey, Sikukuu, Swahili, Mkunguni, Tandamti, Narung'ombe. Kwa mchoraji wa picha dhahania huo ni mtego mtamu, maana mistari imeshachorwa na kilichobaki ni rula. Lakini akiitoa mistari yote nje ya ubao pande zote nne, atakuwa amechora New York. Kariakoo ina mwisho. Upande wa katikati ya jiji kuna viwanja vya Mnazi Mmoja, upande wa Gerezani kuna reli, na upande wa Jangwani ardhi inashuka hadi bonde la Mto Msimbazi, ambalo masika yakiwa makali hujaa maji. Mtaa unakwenda mbio, kisha unakatika. Hiyo ndiyo hisia ya kwanza ya mahali hapa, na mchoraji anaweza kuisema kwa pindo peke yake.

Mji

Ukishamaliza ukingo, ingia mjini. Humo tafuta kinachojirudia, na upime kinajirudia kwa mwendo gani.

Mondrian alifika New York mwaka 1940 akikimbia vita vya Ulaya. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa mistari myeusi kwenye weupe, na vipande vichache vya nyekundu, njano na bluu. Katika Broadway Boogie Woogie, picha ya sentimita 127 kila upande aliyoimaliza mwaka 1943, weusi umefukuzwa kabisa. Mahali pake kuna mikanda ya njano iliyokatwakatwa na miraba midogo ya nyekundu, bluu na kijivu. Hakuna gari wala taa ya barabarani. Ila jicho likishika mkanda mmoja haliwezi kutelemka moja kwa moja: linagonga mraba, linaruka, linagonga mwingine, kama vidole vya mpiga piano wa boogie-woogie, muziki uliompa jina la picha. Kasi ya jiji imo kwenye nafasi kati ya mraba na mraba. Angeipanga miraba ile kwa umbali sawa, picha ingekuwa sakafu ya bafuni.

Kariakoo nayo ina mdundo wake. Simama Mtaa wa Congo saa nne asubuhi ufumbe macho. Utasikia spika ndogo zenye sauti za bei zilizorekodiwa: moja inasema "buku, buku, buku", jirani yake "mbili mbili mbili", ya tatu "jero jero". Kila moja inarudia maneno yake bila kupumua, na hakuna mbili zilizoanza pamoja. Kuna sekunde zinakutana na kusikika kama kwaya, halafu zinaachana tena. Mchoraji anayetaka kuitia sauti hiyo kwenye ubao afanye hesabu ndogo: mraba wa kwanza urudi kila baada ya vidole viwili, wa pili kila baada ya vitatu, wa tatu kila baada ya vitano. Atapata mahali rangi zinagongana, na mahali zinapishana. Mtazamaji hatasikia "buku", lakini bega lake litakaza kidogo, kama linavyokaza akiwa pale.

Kisha aje mwenye mkokoteni. "Pisha! Pisha!" Watu wanagawanyika, mzigo wa maboksi unapita upande upande kwa sababu barabara iliyonyooka imejaa. Kwenye picha yenye mistari ya wima na mlalo, mwenye mkokoteni ni mshazari mmoja. Mmoja tu. Mondrian aliukataa mshazari katika picha zake zilizompa sifa, kwa kuwa alitafuta utulivu wa mizani. Hakuwahi kukutana na mkokoteni wa Kariakoo.

Uwazi

Sasa tufike penye uzito zaidi. Watu wakitaka kutafsiri picha ya jiji hutazama palipojaa. Mimi nawashauri watazame palipo tupu, kwa sababu msongamano peke yake hausemi kitu. Ushahidi ni George Lilanga (1934–2005), msanii wetu aliyetokea Nyumba ya Sanaa. Picha zake si dhahania kamili, maana mashetani aliyoyachora yana masikio, midomo na vidole. Lakini yamebanana hadi kiungo cha huyu kinaingia kwenye mwanya wa yule, na nafasi ya kuweka kidole huipati. Je, unahisi kubanwa? Hapana, unahisi ngoma. Mistari imepinda, haina kona ya kuchoma, kila umbo lina mpaka wake ulio wazi, rangi zinang'aa. Msongamano uleule ukichorwa kwa kona kali na mipaka iliyovurugika unakuwa hofu.

Kwa hiyo uliza: mtu aliyemo ndani ya msongamano huu atatokea wapi? Tafuta uchochoro. Na ukiupata uwazi, usiuite "mapumziko ya jicho" haraka haraka. Kariakoo inatufundisha kwamba uwazi una historia.

Chukua Mnazi Mmoja. Leo ni kivuli, ni mikutano, ni njia ya mkato. Ukiiweka kwenye picha kama ukanda mtupu ubavuni mwa mistari iliyosongamana, mtazamaji atashusha pumzi. Lakini ukanda ule uliachwa wazi enzi za ukoloni ili kutenganisha makazi ya Waafrika na sehemu za Wahindi na Wazungu. Mchoraji anayelijua hilo ataukata ukingo wake kwa kisu, ukingo mkavu usioyeyuka. Asiyelijua ataulainisha kwa brashi. Ukiwa mtazamaji, huhitaji kumuuliza mchoraji anajua nini. Tazama ukingo wa uwazi wake.

Uwazi wa pili ni wa Julai 10, 2021, usiku soko kuu la Kariakoo lilipoungua. Jengo lilibaki limesimama, biashara ndiyo iliyotoka. Huo si weupe, ni rangi ileile iliyozimwa: njano iliyotiwa majivu.

Uwazi wa tatu ni wa Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka katikati ya Kariakoo siku ya Jumamosi asubuhi na kuua zaidi ya watu 20. Tangu siku hiyo, mraba mweupe katikati ya mistari ya Kariakoo hauwezi tena kusomwa na mtu wa Dar es Salaam kama hewa. Ni mahali palipokuwa na watu. Picha ileile ingechorwa mwaka 2019, mraba uleule ungekuwa uwanja wa watoto. Alama haikai ndani ya rangi peke yake. Inakaa kati ya rangi na anayeitazama, na anayeitazama ana tarehe.

Namna moja ya kuziweka tarehe hizo kwenye ubao mmoja tunaweza kuisoma kwa Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970 na kukulia Marekani. Yeye huchora michoro ya majengo kwa wino mwembamba, akaweka juu yake tabaka la akriliki isiyo na rangi, akasugua hadi uso uwe laini, akachora tena juu. Katika Mogamma ya mwaka 2012, kazi yenye sehemu nne iliyobeba jina la jengo kubwa lililokuwa la serikali katika Medani ya Tahrir, Cairo, kuta na nguzo zimezama chini ya matabaka, na juu yake vialama vidogo vyeusi vinatimka kama umati au kama vumbi. Mbele ya picha hiyo unatazama chini kama mtu anayechungulia kisimani. Kwa njia hiyo Kariakoo ingeanza na mitaa ya Wajerumani chini kabisa, juu yake soko, juu yake majivu, juu yake maghorofa. Kinachofifia si kilichosahaulika. Kiko chini tu, na jengo jipya limesimama juu yake.

Rangi na mwavuli

Kuhusu rangi, tupa ile orodha ya shuleni: nyekundu damu, kijani rutuba, nyeusi huzuni. Kariakoo haiitii. Weka nyekundu na nyeupe upande mmoja, kijani na njano upande wa pili, uone kama kuna mtu wa Dar es Salaam atakayezungumzia damu au rutuba. Klabu ya soka ya Simba iko Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga iko Jangwani, zote zimezaliwa hapahapa miaka ya 1930. Mchoraji anaweza kuwa alitaka tu rangi zinazopingana. Amekwisha kupigwa bao, picha yake ni ya watani wa jadi. Ongeza nyeusi kwenye ile nyekundu na nyeupe, na wanawake wataona kisutu, khanga ya bibi harusi. Nyeupe peke yake ni kanzu ya Idi, na ni sanda. Kazi ya mchoraji ni kuchagua jirani wa kila rangi, maana jirani ndiye anayeamua maana ipi iamke.

Aina ya rangi nayo inasema. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) alichora kwenye hadibodi za mraba kwa rangi ya mafuta ya baiskeli, na wafuasi wake wengi wameendelea kutumia rangi za namna hiyo. Rangi hiyo ni nzito, haichanganyiki kwa ukungu kama rangi ya maji, na ikikauka inang'aa kama rimu mpya. Ukitaka kuchora mji wa sikukuu, hakuna iliyo bora. Ukitaka kuchora alfajiri ya Kariakoo kabla ya maduka kufunguliwa, mng'ao ule utakusaliti: utakuwa na huzuni inayometameta. Kabla ya kusema picha ina furaha, sogea pembeni uone kama furaha hiyo ni ya mchoraji au ni ya kopo la rangi.

Alama moja inastahili kusimama peke yake. Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa la makombe ya zege yenye umbo la mwavuli uliogeuzwa. Uwazi wa mwavuli umeelekea mbinguni ili upokee mvua, na maji yashuke kupitia nguzo hadi kwenye tangi. Chini yake, mitaani, machinga wamesimamisha miavuli yao ya kawaida, mgongo juu, ili mvua isiwapate. Ukivua kila kitu ubaki na pembetatu mbili, moja imesimama kwa ncha, nyingine imekaa kwa kitako, umepata Kariakoo nzima: jengo linaloomba mvua, na mtu anayeikwepa. Mchoraji hahitaji kuzitia nguzo wala watu. Akizipanga pembetatu za juu chache na kubwa, za chini nyingi na ndogo, ameshasema habari ya serikali na raia bila kuandika neno. Na tazama: mmoja wa miavuli hiyo uko juu chini kwa makusudi, na ndiyo kazi yake. Kwa hiyo kujua upande wa juu ni upi si jambo dogo, hapa wala Düsseldorf.

Jina

Jina la khanga husomwa mwisho, baada ya pindo na mji kukubaliwa. Wapo wanaonunua kwa ajili ya jina peke yake, lakini hao wanatuma ujumbe, hawatazami khanga. Kwenye maonyesho tunafanya kinyume: tunakimbilia kibao kidogo ukutani, tukishasoma jina tunatafuta jina hilo kwenye picha, tukilipata tunaondoka. Ziba kibao kwa mkono. Kaa na picha kwanza.

Ukishamaliza, fungua, uone jina limefanya kazi gani. Broadway Boogie Woogie linakupa mtaa na muziki, maagizo mawili. New York City I linakupa mahali na namba, linakuachia mengine. Mchoraji wetu akiita kazi yake "Kariakoo" tu, asidhani ametumia jina lisilo na uzito. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu. Nairobi wana Kariokor yao, chanzo ni hichohicho. Ukilijua hilo, rudi kwenye ule mshazari mmoja uliopasua mistari, yule mwenye mkokoteni. Haujasogea hata kidogo, ila sasa umebeba zaidi ya maboksi. Hivyo ndivyo jina zuri linavyofanya: linakurudisha mjini na mzigo mwingine.

Basi ukiingia ukumbi wowote, uwe wa Nafasi Art Space pale Mikocheni au wa hoteli iliyotundika picha mapokezi, ukakuta ubao wa mistari na rangi ulioandikwa kuwa ni jiji, usiulize "hii ni nini?" Shika pindo uone uzito uko wapi. Ingia mjini uhesabu mdundo. Tafuta palipo tupu, utazame ukingo wake. Kisha soma jina. Na ukigundua kwamba wameitundika juu chini, mwambie mwenye ukumbi siku hiyohiyo, kabla gundi haijazeeka.